Je, Kila Kazi Yahitaji Shahada?

(Hotuba ya mwanachama mwenzetu, karani wa masjala, mbele ya mkutano wa wanachama wa Temeke na Kinondoni. Imepigwa chapa kwa ombi la mkutano.)



Halmashauri imeniagiza niseme machache juu ya jambo ambalo halikosi kutajwa kila wakutanapo makarani wawili, iwe kazini, iwe msibani, iwe ndani ya daladala: yaani kazi wazifanyazo watu, na kama shahada ya Chuo Kikuu yamfaa mtu atafutapo kazi. Mwisho wa maneno yangu ziko hoja mbili za kupigiwa kura. Kwa hiyo nawaomba mnisikilize kama watu watakaoamua, si kama watu waliokuja kupunga upepo.

Katika shauri hili watu wa mitaa yetu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema kwamba asiye na shahada si mtu. Mzazi wa kundi hili yu tayari kuuza kiwanja cha Mbagala au Bunju, mradi amwone mwanawe amevaa joho. Kundi la pili limekwisha kukata tamaa, nalo husema kwamba shahada ni karatasi kama karatasi nyingine, na ya kuwa mwenye pikipiki ya bodaboda ana nafuu kuliko mwenye joho. Nionavyo mimi, makundi yote mawili yanajibu swali lisilofaa. Swali si kama shahada ina faida au haina. Swali ni hili: shahada hii ni ya kazi gani, na kazi hii yahitaji nini?

Yafaa tukumbuke kwanza tulikotoka. Chama cha kwanza cha watumishi wa Serikali Waafrika katika Tanganyika kiliundwa Tanga mwaka wa 1922, na mwanzilishi wake alikuwa Martin Kayamba, karani aliyesomeshwa na misheni ya UMCA huko Kiungani, Unguja. Hakuwa na shahada. Hata hivyo mwaka wa 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki, na baada ya safari ile akapewa kazi katika Sekretariati ya Serikali hapa Dar es Salaam, kazi iliyokuwa kubwa sana kwa Mwafrika wa siku zile.

Wako watakaodakia hapo na kusema, "Mwaona! Kayamba hakuwa na shahada, na alifika." Hoja hiyo haina nguvu. Makerere yenyewe ilianzishwa mwaka huo huo wa 1922, tena kama shule ya ufundi, na wanafunzi wake hawakuanza kusomea shahada za London mpaka mwaka wa 1949. Kayamba angeipata wapi shahada? Mlango uliowafungia wakubwa wetu wale haukuwa cheti. Ulikuwa rangi ya ngozi. Nalitaja jambo hili makusudi, kwa sababu nitalirudia nitakapowatetea wenye vyeti.

Ulipofika Uhuru mwaka wa 1961 mambo yaligeuka. Mwalimu Nyerere alipoieleza hali ya siku zile alizoea kutaja wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili katika nchi nzima. Mwezi wa Oktoba mwaka ule Chuo Kikuu kikafunguliwa katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kwa somo moja tu la sheria na wanafunzi wasiozidi kumi na watano. Mwaka wa 1964 kikahamia Mlimani. Fikirini basi: nchi nzima ina viti vitupu, na wanaohitimu mtu aweza kuwahesabu kwa vidole. Aliyehitimu hakutafuta kazi. Kazi ndiyo iliyomtafuta. Hapo ndipo wazee wetu walipojifunza kwamba shahada ni kazi. Hawakudanganyika, maana kwa wakati wao ilikuwa kweli tupu. Shida ni kwamba sisi tumerithi imani yao, lakini wakati wao hatukuurithi.

Wala wenye busara hawakukosa kuliona jambo hili mapema. Mwalimu mwenyewe, aliyekuwa na shahada ya Edinburgh ya mwaka wa 1952, alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka wa 1967, akionya kwamba shule isiwe ngazi ya wachache kupandia kwenye mshahara. Azimio la Musoma la mwaka wa 1974 likataka kijana afanye kazi kwanza ndipo aingie Chuo Kikuu. Azimio hilo halikudumu, lakini swali lililolizaa lingalipo.

Katika miaka ya 1990 Serikali ilipunguza watumishi wake na kuzuia ajira mpya, na katika miaka ile ile vyuo vikaanza kuongezeka. Tusiende mbali, tutazame hapa hapa petu. Chuo Kikuu Huria, chenye makao yake Kinondoni, kiliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1992. Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki kilianza Mikocheni mwaka wa 1997. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, ambacho wengi hukiita DUCE, kilianza Chang'ombe mwaka wa 2005, na mwaka ule ule Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi. Haya yote ni mema, wala sitamlaumu mtu kwa kufungua mlango wa elimu. Lakini wenye majoho waliongezeka kwa mwendo wa gari moshi, na viti vya ofisini viliongezeka kwa mwendo wa kobe.

Matokeo yake yalionekana wazi hapa Temeke mwezi wa Juni mwaka wa 2014. Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70. Walioitwa kwenye usaili walizidi 10,000, na kwa kuwa hapakuwa na ukumbi wa kuwatosha, wakakusanywa katika Uwanja wa Taifa, ule ambao tangu mwaka wa 2020 huitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Walikaa majukwaani kama waliokuja kutazama mpira. Gawanyeni wenyewe: kila nafasi moja iligombewa na watu zaidi ya 140. Na mtu asiseme hayo ni ya zamani. Mwaka wa 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na maombi yaliyofika yalizidi 135,000.

Sasa, mabwana, mimi ni karani wa masjala, na majalada ni jembe langu. Nawaambia jambo ambalo pengine mkubwa aketiye chumba cha ndani halioni. Maombi yakiwa ishirini, mtu huyasoma yote. Yakiwa elfu ishirini, hakuna awezaye kuyasoma, basi hutafutwa chekeche. Na chekeche rahisi kuliko yote ni kupandisha cheti. Kazi iliyofanywa jana na mtu wa kidato cha nne, leo yaombwa kwa stashahada. Iliyofanywa na mwenye stashahada, yaombwa kwa shahada. Je, kazi imekuwa ngumu zaidi? La. Kilichoongezeka ni unene wa jalada la maombi tu. Kwa njia hii shahada imepewa kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kuonyesha kwamba mtu amejifunza jambo fulani linalohitajiwa. Ya pili ni kuwapunguza watu mlangoni. Ile ya kwanza ni heshima ya elimu. Hii ya pili ni kuitumia elimu kama kizingiti.

Hapa natimiza ahadi yangu ya kuwatetea wenye vyeti. Nimesema kwamba zamani mlango ulifungwa kwa rangi. Mlango uwezao kufungwa kwa rangi waweza pia kufungwa kwa kabila, kwa ukoo, kwa urafiki, au kwa bahasha ipitayo chini ya meza. Cheti, pamoja na kasoro zake zote, hakimwulizi mtu baba yake ni nani. Mtoto wa mama lishe wa Tandika aliyefaulu mtihani huja na karatasi ile ile aliyo nayo mtoto wa mkubwa. Kwa hiyo asemaye "vyeti vyote vitupwe, watu waajiriwe kwa kutazamwa tu," na ajibu kwanza: watatazamwa na nani? Nchi ilipounda Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kusudi moja lilikuwa kwamba usaili uendeshwe kwa kanuni moja, pasiwe na mwenyewe wa kugawa kazi kama zawadi. Tusibomoe ukuta umlindao mnyonge kwa sababu tu ukuta huo umejengwa mahali pengine pasipopaswa.

Lakini tazameni vilevile mambo ambayo njaa ya vyeti imeyaleta. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti, na majina ya watumishi wa umma waliokutwa na vyeti vya kughushi yalikuwa 9,932. Kughushi ni kosa la jinai, wala simtetei mwongo. Ila mtu makini atauliza swali la pili: katika kazi zile, ni zipi ambazo cheti kilikuwa cha lazima kwa kazi yenyewe, na ni zipi ambazo kilikuwa kizingiti tu? Baada ya uhakiki huo waliguswa pia watumishi wa darasa la saba, kwa kuwa waraka wa mwaka wa 2004 ulikuwa umeweka kidato cha nne kuwa kiwango cha chini cha kuingia utumishini. Mwaka wa 2018 Serikali ikaagiza warudishwe kazini wale walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004. Na ilikuwa haki, maana dereva aliyeendesha gari la Serikali miaka ishirini hawi mgeni wa usukani siku ile waraka unapotiwa sahihi.

Basi tugawe kazi mafungu matatu, ili tujue tunasema juu ya ipi.

Fungu la kwanza ni kazi ambazo sheria yenyewe yataka shahada, na yataka kwa haki. Huwezi kuwa daktari, wakili au mhandisi aliyesajiliwa kwa sababu una mikono myepesi. Hata hivyo angalieni: hata humo shahada haitoshi peke yake. Aliyesoma sheria sharti apite Shule ya Sheria kabla ya kuvaa joho la uwakili. Daktari sharti afanye mwaka wa mazoezi hospitalini. Mhasibu hupimwa kwa mitihani ya Bodi ya Wahasibu, na shahada yake haimwondolei mitihani ile yote. Katika fungu hili shahada ni mlango wa kwanza, na nyuma yake iko milango mingine.

Fungu la pili ni kazi za ujuzi wa kati, ambazo kwa kweli ndizo ziiendeshazo nchi. Ukiugua Mbagala usiku ukapelekwa zahanati, atakayekupokea yaelekea ni tabibu au mwuguzi mwenye stashahada au cheti. Pengine mwanao hajamwona profesa, lakini aliyemfundisha kusoma na kuandika ni mwalimu wa shule ya msingi. Katika fungu hili wamo pia watunza kumbukumbu, makatibu mahsusi, mafundi sanifu, na wengi wetu tulioketi hapa. Kazi hizi zahitaji mafunzo ya kweli, lakini si lazima yawe ya Chuo Kikuu.

Fungu la tatu ni kazi ambazo cheti chake ni kitu chenyewe kilichofanywa. Nendeni Keko mkaone maseremala. Mteja akija kununua kitanda hamwulizi fundi alisoma wapi, hukitikisa kitanda. Kikilia, huondoka. Kadhalika wachonga vinyago wa Mwenge, mafundi magari, mafundi cherehani, mama lishe ajuaye kupika wali wa watu hamsini pasipo kuungua na pasipo hasara. Wahenga walisema, mwenye shoka hakosi kuni. Wala tusidhani kwamba fungu hili halina shule. Chang'ombe hiyo hiyo yenye chuo cha kutoa walimu wa shahada ina chuo cha VETA chenye kufundisha ufundi. Na fundi aliyejifunza kazini, chini ya mwembe wa fundi mkuu, aweza kupimwa na VETA ujuzi wake ukatambuliwa akapewa cheti. Huo ndio utaratibu mzuri: ujuzi kwanza, karatasi ikiufuata nyuma kama kivuli.

Nisije nikaeleweka vibaya. Simwambii kijana aache masomo akanunue pikipiki. Wale wasemao kwamba bodaboda ana nafuu huhesabu fedha ya jioni tu. Hawahesabu siku ya mvua, siku ya homa, mguu uliovunjika, wala uzee usio na pensheni. Tena fundi asiyejua hesabu hudhulumiwa na wateja wake, na yeye mwenyewe hujidhulumu katika bei. Elimu yamfaa kila mtu. Nisemalo ni kwamba elimu na shahada si neno moja, na kwamba mtu asinunue shahada kama anunuavyo tikiti ya bahati nasibu.

Maana shahada hununuliwa, na bei yake ni kubwa. Chukueni mfano wa kukadiria. Kijana amekopa shilingi 10,000,000. Amebahatika kupata kazi yenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Tangu sheria ya mikopo ilipobadilishwa mwaka wa 2016, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani shilingi 120,000 kila mwezi. Atalipa karibu miaka saba. Akiwa amepata kazi ihitajiyo kile alichosomea, si deni baya. Lakini akiwa amewekwa mezani kunakili barua, kazi ambayo angaliweza kuifanya siku alipomaliza kidato cha nne, basi amelipa miaka saba kwa ajili ya kupita kwenye chekeche. Na aliyekosa kazi kabisa, deni linabaki naye.

Sasa nageukia shida yetu sisi makarani wenyewe. Wengi wetu ni Wasaidizi wa Kumbukumbu, wenye cheti au stashahada. Afisa Kumbukumbu huanza kwa shahada. Hutokea, na sitaji ofisi, kwamba kijana aliyetoka chuoni anapangiwa masjala, naye hupokewa na msaidizi wa miaka kumi na mitano, ambaye humwonyesha mpangilio wa majalada, namna ya kufungua jalada jipya, jalada la siri hupita kwa nani, na lipi likipotea litaleta balaa. Baada ya miezi sita mwanafunzi ndiye mkubwa, na mwalimu ndiye msaidizi. Kijana hana kosa, wala tusimwonee choyo; amefuata njia aliyoonyeshwa. Kosa ni la utaratibu ambao una ngazi ya kumpandisha mwenye karatasi, lakini hauna ngazi ya kutosha ya kumpandisha mwenye ujuzi.

Nini cha kufanya? Wako wenzetu ambao wameamua kusoma Chuo Kikuu Huria jioni na siku za mapumziko, kwa ada itokayo katika mishahara yao midogo. Nawapongeza. Lakini nawapa shauri moja la masjala: kabla ya kulipa ada, mtu na aende kwa afisa utumishi wake aulize mambo matatu. Je, masomo haya yamo katika mpango wa mafunzo wa ofisi? Je, kada nitakayoomba kubadilishiwa inayo nafasi katika ikama? Je, fedha ya nafasi hiyo imo katika bajeti? Asiyeuliza aweza kurudi na shahada yake akaambiwa angoje, naye akangoja miaka mingi akiwa na deni. Usijenge daraja kabla ya kujua kama ng'ambo kuna njia. Na atakayesoma kwa kuipenda elimu yenyewe, huyo hahitaji ruhusa ya ikama. Mradi ajue kwamba ndicho anachokifanya.

Nafika kwenye hoja zangu mbili.

Hoja ya kwanza ni juu ya mfuko wetu wa kukopeshana ada. Kwa kanuni tuliyo nayo, mwanachama hukopeshwa kwa ajili ya mtoto aingiaye Chuo Kikuu tu. Mwenzetu ambaye binti yake ataka kusomea umeme VETA hapati kitu; hana haki hata ya kununuliwa koleo na bisibisi. Hii maana yake ni kwamba sisi wenyewe, tunaonung'unika kwamba wakubwa hutudharau kwa kukosa shahada, tumeiandika dharau ile ile katika kanuni zetu. Natoa hoja kwamba kanuni ibadilishwe, mkopo uwe kwa mafunzo yoyote yenye kutambuliwa, pamoja na vifaa vya kuanzia kazi, kwa masharti yale yale ya marejesho.

Hoja ya pili ni kwamba Katibu aandike barua kwa wahusika, kwa lugha ya adabu na ya wazi, kuomba mambo mawili. Kwanza, kila nafasi inapotangazwa kwa sharti la shahada, sharti hilo lielezwe kwa kazi yenyewe: ni jambo gani katika kazi hii lisilowezekana bila masomo ya Chuo Kikuu? Ikiwa jibu lipo, tutanyamaza. Ikiwa halipo, chekeche litafutwe kwingine, mathalani katika mtihani wa kazi yenyewe. Pili, VETA humpima fundi wa Keko ujuzi alioupata kazini. Basi karani wa miaka kumi na mitano naye apimwe, na akifaulu apande.

Watakuwapo watakaosema kwamba barua za makarani hazisomwi. Mimi niliye masjalani nawahakikishia kwamba kila barua iingiayo hupigwa mhuri wa tarehe, hupewa namba, na hukaa jaladani ikimngoja atakayeuliza. Isiyoandikwa ndiyo isiyosomwa kamwe.

Bwana Mwenyekiti, natoa hoja.